Hisa za benki ni bei rahisi kweli? Angalia miaka 10

Chama kimevunja akiba, laki mbili ziko kwa simu, na mmoja wenu anasema hisa za benki fulani ni za kutupa: bei ni mara nne tu ya faida. Faida ya mwaka gani?

Chukua KCB, iliyo pia Uganda, Rwanda na Burundi. Baada ya kodi ilipata Sh25.2 bilioni mwaka 2019, Sh19.6 bilioni 2020 Korona ilipobana wakopaji, kisha Sh34.2 bilioni 2021. Ukipima kwa mwaka mmoja, kila mwaka una jibu lake.

Sisi tunapenda njia ya Robert Shiller, mwanauchumi wa Marekani. Chukua faida kwa kila hisa ya miaka 10, igeuze iwe shilingi za leo kwa kutumia takwimu za mfumuko wa bei za KNBS, tafuta wastani. Bei ikiwa Sh40 na wastani Sh5, unalipa mara 8, si mara nne.

Ila benki hubadilika. KCB iliingia Kongo 2022 kwa kununua TMB, na miaka ya kabla ya hapo haina faida hiyo. Kwa hivyo wastani unaweza kuifanya hisa ionekane ghali kuliko ilivyo. Ripoti zote ziko kwa tovuti ya benki, bure. Ni kazi ya jioni moja.