Umealikwa kuwinda koyote Marekani? Soma hii kabla ya kushika bunduki

Hebu jione uko Texas, mwaka wa pili chuoni. Jamaa mnayesoma naye anakuambia: "Bro, Jumamosi twende shambani kwa babu tukawinde koyote. Tafuta bunduki tu." Wewe umekulia Umoja au Kisauni, na bunduki umeiona kwa polisi na kwenye muvi pekee. Utamjibu nini?

Mwaliko kama huo huwezi kuupata hapa nyumbani, kwani Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977. Kule ni tofauti. Koyote ni mnyama wa jamii ya mbwa, binamu wa bweha wetu, na wengi wana uzito wa kilo 9 hadi 20 hivi. Hushambulia kondoo na ndama, na Texas huruhusu awindwe mwaka mzima.

Karatasi kwanza

Usikimbilie duka la bunduki. Sheria ya kitaifa ya Marekani humkataza mgeni mwenye viza ya muda, ikiwemo ya masomo, kuwa na bunduki au risasi, hata za kuazima. Njia ambayo mwanafunzi anaweza kuitumia ni kuwa na leseni halali ya uwindaji kutoka jimbo lolote. Ukidanganya kwenye fomu ya ununuzi, ile nambari 4473, unaweza kufungwa jela na safari yako ya masomo ikaishia hapo. Majimbo nayo yana sheria zake, kwa hivyo uliza mapema.

Bunduki: umbali ndio huamua

Wengi huuliza, "Ipi ina nguvu zaidi?" Swali hilo halikusaidii. Jiulize: mimi nalenga vizuri hadi umbali gani?

Kwa anayeanza, kaliba ya .223 Remington inatosha. Risasi yake ya greni 55, yaani gramu 3.6 hivi, hutoka kwa kasi ya karibu mita 980 kwa sekunde. Haikupigi bega sana, kwa hivyo utafanya mazoezi bila kuiogopa, na risasi zake hupatikana kwa urahisi. Ya .22-250 ina baruti nyingi na hufika mbali zaidi. Ya .243 hubeba risasi nzito inayostahimili upepo, lakini itakupiga bega zaidi na huharibu ngozi ya mnyama.

Bunduki ya kuvuta bolti kwa mkono kila unapofyatua ni rahisi kuielewa na hukufundisha subira.

Risasi: soma maandishi

Chagua risasi inayopanuka inapogonga. Ile iliyovikwa shaba mwili mzima inaweza kupenya na kutokea upande wa pili, mnyama akakimbia na jeraha akafie mbali kwa uchungu. Pia, soma maandishi yaliyo kwenye mtutu. Ikiwa yanasema .223, usitie risasi za 5.56 za kijeshi hata kama zinafanana, kwa sababu presha yake inaweza kuzidi. Na ukihamia California, jua kwamba tangu Julai 1, 2019, uwindaji wowote wa bunduki kule ni kwa risasi zisizo na risasi ile ya madini, yaani ledi.

Darubini: usidanganywe na namba kubwa

Darubini ya 3-9x40 hukuza mara 3 hadi 9, na kioo chake cha mbele kina upana wa milimita 40. Inatosha kabisa. Wawindaji humwita koyote kwa kuiga mlio wa sungura anayelia, naye anaweza kutokea ghafla akiwa karibu. Ukiwa umeiweka 9, utaona majani tu. Iweke 3 au 4, kisha uongeze akisimama mbali. Kama hela ni chache, afadhali bunduki ya kawaida na darubini safi kuliko kinyume chake, kwa sababu koyote hutembea sana alfajiri na jioni, mwanga ukiwa hafifu.

Kisha nenda uwanja wa shabaha. Ukirekebisha .223 igonge katikati kwa yadi 200, ikifika yadi 300 itakuwa imeshuka karibu sentimita 20. Sehemu ya kumuua koyote papo hapo haizidi sana kiganja chako. Umbali ambao risasi zako 5 haziingii zote ndani ya kiganja, huo si umbali wako. Usifyatue.

La mwisho, angalia nyuma ya mnyama. Risasi ikikosa husafiri zaidi ya kilomita 2, na huko kunaweza kuwa na nyumba. Vilevile, mbwa wa jirani alfajiri hufanana na koyote.

Sasa mjibu jamaa yako: "Nitakuja, lakini leseni kwanza, na wiki tatu za shabaha." Akikucheka, mwache aende peke yake.