Nyayo za Barafu Kwenye Ikweta

Mwaka 1893 mwanajiolojia Mwingereza, J. W. Gregory, alipanda Mlima Kenya hadi kwenye barafu. Mbali chini ya pale barafu ilipoishia, aliona vilima vya mawe na udongo ambavyo mto wala mvua visingeweza kuvirundika. Akahitimisha kuwa zamani barafu ilishuka chini zaidi. Alichapisha hoja hiyo mwaka 1894, na miaka kumi baadaye akawa profesa wa Chuo Kikuu cha Glasgow.

Vilima hivyo huitwa moreni. Barafu ya mlimani husonga polepole huku iking'oa na kusaga mwamba, na kifusi hukisukuma mbele kama ufagio unavyokusanya taka mlangoni. Ikiyeyuka, rundo hubaki na kuonyesha ilikofika.

Ilifika lini? Hapo ndipo penye kazi.

Mwaka 1953 na 1957 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield walichora ramani ya Kilimanjaro na kuzipanga moreni zake kuanzia kongwe hadi changa. Ule ulikuwa mfuatano tu, bila miaka. Katika milima ya Rwenzori, Daniel Livingstone wa Chuo Kikuu cha Duke alichimbua tope la Ziwa Mahoma, lililozingirwa na moreni. Matokeo yake ya mwaka 1962 yalionyesha, kwa kipimo cha radiokaboni, kwamba tope la chini lilikuwa na zaidi ya miaka 14,000. Kwa hiyo barafu ilikuwa imekwisha kuondoka hapo.

Siku hizi hupimwa jiwe lenyewe. Barafu ikishaliacha wazi, miale itokayo anga za juu hulipiga na kuzalisha atomi za beriliamu-10 ndani ya madini ya kwatzi. Kadiri atomi hizo zilivyo nyingi, ndivyo jiwe lilivyokaa wazi muda mrefu. Miamba ya Rwenzori, tofauti na ile ya volkano ya Kilimanjaro, ina kwatzi tele. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo cha Dartmouth, Marekani, na wenzao wa Makerere walieleza kuwa barafu ya Rwenzori ilianza kurudi nyuma takriban miaka 20,000 iliyopita, kabla kabonidioksaidi haijaanza kuongezeka hewani.

UNESCO ilikadiria mwaka 2022 kwamba barafu ya Kilimanjaro na Mlima Kenya itatoweka ifikapo 2050. Moreni zitabaki, na vyuo vikuu vya Afrika Mashariki ndivyo vilivyo jirani nazo. Viwapeleke wanafunzi wao huko.