Saratani ya Utumbo Ikifika Kwenye Ini

Daktari akisema kuwa saratani ya utumbo mpana imekwisha kufika kwenye ini, ndugu wengi husikia neno moja tu: kifo. Siku hiyo hiyo wanaomba mgonjwa aruhusiwe kurudi nyumbani. Tunawaomba mngoje kidogo.

Damu itokayo kwenye matumbo, karibu yote, hupita kwanza kwenye ini kabla ya kurudi moyoni. Chembe za saratani zilizong'oka utumboni huchukuliwa na damu hiyo, zikaota huko. Hiyo bado ni saratani ya utumbo, na hutibiwa hivyo.

Basi mwulizeni daktari: vivimbe ni vingapi, viko upande gani wa ini, na je, mapafu yamesalimika? Vikiwa vichache na mahali panapofikika, daktari bingwa wa upasuaji huweza kuvikata. Mungu ameliumba ini kwa namna ya ajabu: likiwa zima, hata likikatwa nusu, sehemu iliyobaki hukua tena. Wapo waliokatwa hivyo wakaishi miaka 5 na zaidi, na wengine wakapona kabisa. Mara nyingine hutangulia dawa za mshipani, kama fluorourasili na oksaliplatini, ili vivimbe vinywee kwanza.

Kazi hiyo haifanyiki katika hospitali ndogo kama yetu. Sisi huandika barua ya rufaa kwenda Bugando au Dar es Salaam. Tunajua nauli ni mzigo, lakini fedha hiyo hiyo tumeiona ikiishia kwa waganga. Dawa za miti shamba zinywewazo kwa siri tunaziogopa, maana nyingine huliumiza ini ambalo tayari ni gonjwa.

Wengi, kwa kweli, hawafai kukatwa. Hao nao wana tiba: dawa za kurefusha maisha, na mofini ya maji kwa maumivu, kwa kawaida kila baada ya saa 4, hata usiku. Mofini ikitolewa kwa kipimo cha daktari haiui. Hufunga choo, kwa hiyo ombeni na dawa ya kulainisha. Padre naye aitwe mapema. Mpako wa Wagonjwa hausubiri mtu akate kauli.

Nawe unayeona damu chooni, usijitibu bawasiri mwaka mzima. Njoo tukupime, kipimo cha kidole huchukua dakika moja tu, na wauguzi tumezoea, hatucheki mtu.