Posho ya Kamati na Zabuni ya Shemeji

Limezuka tena katika majengo yetu ya ghorofa suala ambalo wengi hulizungumza kwa kunong'ona ngazini, nalo ni hili: wajumbe wa kamati za wenye nyumba, waliojitolea kwa hiari yao kuwatumikia jirani zao, walipwe au wasilipwe?

Tangu Majumba ya Michenzani yajengwe, wananchi wa Unguja wamejifunza kuishi juu na chini ya wenzao, wakishirikiana ngazi, paa na tangi la maji. Ikaja Sheria ya Kondominio ya mwaka 2010 kuweka utaratibu: mwenye fleti ana chake, na vilivyo vya wote husimamiwa na jumuiya ya wenye fleti wenyewe. Palipo na jumuiya pana kamati, na palipo na kamati pana mfuko wa michango.

Hatukubaliani na wale wasemao kuwa kudai chochote ni ulafi. Mshika fedha agongaye milango ya watu kila mwisho wa mwezi, na kurudi na visingizio kuliko fedha, anafanya kazi. Nauli na karatasi alizonunua arejeshewe kwa risiti, bila ya kuonewa choyo. Lakini ujira ni jambo jingine, kwani kamati ikijikatia posho yenyewe, muuzaji na mnunuzi wamekuwa mtu mmoja.

Hata hivyo, kutolipwa nako si dhamana. Katika jengo moja mjini, ambalo mwandishi analijua vyema, mwenyekiti hakuwahi kupokea hata senti, na kwa hilo akisifiwa katika kila baraza. Pampu ya maji ilipoharibika, fundi aliyeitwa alikuwa shemeji yake. Ikaharibika mara ya pili, akaitwa huyo huyo. Na mara ya tatu vile vile. Hakuna aliyeuliza bei ya fundi mwingine, maana nani angethubutu kumhoji mtu anayejitolea? Akina mama walipanda ghorofa ya nne na ndoo vichwani, na heshima ya mwenyekiti haikupungua.

Jimbo la Florida, huko Marekani, lina jumuiya nyingi za namna hii. Sheria yake humkataza mjumbe wa bodi kulipwa kwa utumishi wake, ila katiba ya jumuiya iruhusu, au wanachama waidhinishe kwanza kwa kura. Na bado, mwezi Novemba 2022, baadhi ya wajumbe wa bodi ya The Hammocks, karibu na Miami, walikamatwa. Waendesha mashtaka walidai kuwa zaidi ya dola milioni 2 za wakaazi zilipita katika makampuni yaliyolipwa kwa kazi isiyofanywa. Mlango uliodaiwa kutumika ulikuwa wa zabuni.

Basi wahusika serikalini, na masheha walio karibu na wananchi, wazitake jumuiya hizi ziandike katika katiba zao kwamba posho hupangwa na mkutano mkuu, kwa kiwango kilichotajwa na kwa mwaka mmoja tu. Kwamba kila kazi kubwa iwe na bei za mafundi watatu. Na kwamba mjumbe mwenye jamaa katika zabuni aseme hivyo, atoke nje, na kutoka kwake kuandikwe katika kumbukumbu.

Jengo tulilolitaja litakutana mwezi ujao. Pampu imeharibika tena.