SOMA KWANZA, NDIPO UTIE SAHIHI
Majaribio ya tiba ya sindano za Kichina



Wengi wetu tunajua maumivu ya mgongo. Kulima kwa jembe, kubeba maji, kuinama kutwa nzima kwa kupalilia, yote hayo huchosha mgongo. Wengine mmesikia pia habari za tiba ya sindano za Kichina, ambayo huitwa akupancha. Madaktari kutoka China wamefanya kazi katika hospitali za Tanzania tangu miaka ya 1960, na baadhi yao wanaijua tiba hii.

Leo tutaeleza mambo mawili. Kwanza, wataalamu hujuaje kama tiba hii inafaa? Pili, mgonjwa akiombwa kuingia katika majaribio ya tiba, afanye nini?

TIBA YENYEWE

Sindano ya akupancha ni nyembamba sana kuliko sindano ya hospitali. Haina tundu, wala haina dawa ndani. Mgonjwa hulala, daktari humchoma sindano kadhaa mahali maalumu mwilini. Sindano huachwa kwa muda wa nusu saa hivi, kisha hutolewa. Wachina wa kale walisema kwamba mwilini mna njia za kupitisha nguvu, na sindano huzifungua njia hizo. Wataalamu wa siku hizi hawajaziona njia hizo ndani ya mwili. Lakini wagonjwa wengi husema wamepata nafuu. Je, tuwaamini?

KWA NINI HAITOSHI KUMWULIZA ALIYEPONA?

Maumivu ya mgongo hupanda na kushuka. Mtu huenda kwa daktari siku ile alipozidiwa. Baada ya siku chache maumivu yangeweza kupungua hata kama angekaa nyumbani. Akiwa amechomwa sindano, atasema, "Sindano zimeniponya." Huenda ni kweli. Huenda sivyo.

Tena, mtu akisikilizwa vizuri na kuhudumiwa kwa upole, akawa na tumaini la kupona, mara nyingi maumivu hupungua. Hadanganyi. Nafuu anaiona kweli. Lakini je, imeletwa na sindano au na tumaini?

Tuchukue mfano wa shamba. Unataka kujua kama mbolea mpya inafaa. Ukiitia katika shamba la bondeni lenye rutuba, na lile la mlimani ukaliacha bila mbolea, hutajua kitu. Mahindi ya bondeni yatastawi, lakini je, ni kwa mbolea au kwa udongo? Mkulima mwenye akili atagawa shamba moja katika vipande vingi. Kisha atapiga kura kipande kipi kipate mbolea na kipi kisipate. Baadaye atapima mavuno ya pande zote mbili.

Majaribio ya tiba ni hivyo hivyo. Wagonjwa hugawanywa kwa kura. Daktari hachagui nani aingie kundi gani, wala mgonjwa hachagui. Wote hupimwa kwa kipimo kimoja.

MAJARIBIO YA UJERUMANI

Kuanzia mwaka 2002 yalifanyika majaribio makubwa huko Ujerumani. Walishiriki wagonjwa 1,162 wenye maumivu sugu ya mgongo. Mdogo wao alikuwa na umri wa miaka 18, na mkubwa miaka 86. Kwa wastani walikuwa wameumwa kwa miaka 8. Waligawanywa kwa kura katika makundi matatu:

1. Kundi la kwanza lilipata akupancha ya kweli.
2. Kundi la pili lilipata sindano za geresha. Yaani walichomwa juu juu tu, tena mahali ambapo Wachina hawachomi.
3. Kundi la tatu lilipata matibabu ya kawaida: dawa za maumivu, tiba ya viungo na mazoezi.

Waliochomwa sindano walitibiwa mara 10, kwa kawaida mara mbili kwa wiki. Hawakuambiwa kama sindano zao ni za kweli au za geresha. Baada ya miezi 6 walipigiwa simu na watu ambao nao hawakujua nani alipata nini. Hii ilizuia upendeleo.

Haya, matokeo yalikuwaje? Katika kila watu 100 waliopata sindano za kweli, karibu 48 walipata nafuu ya kutosha. Waliopata sindano za geresha, 44. Waliopata matibabu ya kawaida, 27 tu.

Tuzitazame hesabu hizi vizuri. Sindano, za aina zote mbili, zilishinda matibabu ya kawaida. Lakini kati ya 48 na 44 tofauti ni ndogo mno, inaweza kutokea kwa bahati tu. Kumbe kuchoma mahali palipoandikwa katika vitabu vya zamani hakukuwa jambo kubwa. Huenda nafuu ilitokana na kuchomwa kokote, na kuhudumiwa mara kwa mara, na tumaini. Wataalamu bado wanabishana.

Hata hivyo kazi ya wagonjwa wale haikupotea. Mwaka 2006 Ujerumani iliamua kwamba bima ya afya ilipie akupancha kwa maumivu sugu ya mgongo na ya magoti. Mamilioni ya watu waliguswa na uamuzi huo.

MSHIRIKI ANA HAKI ZAKE

Majaribio mazuri humheshimu mgonjwa. Lakini yamewahi kufanyika mabaya. Huko Marekani, katika jimbo la Alabama, kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, maofisa wa afya wa serikali waliwafuatilia wanaume weusi maskini wenye ugonjwa wa kaswende. Hawakuwaambia ugonjwa wao. Waliwaambia wana "damu mbaya". Hata dawa ya penisilini ilipopatikana hawakupewa, na baadhi yao walikufa. Wengi wao walikuwa wakulima kama sisi, wasio na elimu ya kutosha. Mwaka 1997 Rais wa Marekani aliomba radhi kwa niaba ya taifa lake.

Ndiyo sababu siku hizi kuna kanuni. Mwaka 1964 Chama cha Madaktari cha Dunia, kilipokutana Helsinki, nchini Finland, kilitoa tamko juu ya utafiti kwa wanadamu. Hapa kwetu ipo Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1979. Taasisi hiyo ina kamati ya kukagua utafiti wa afya na kutoa kibali.

Kabla ya kuanza, mtafiti hukuletea karatasi ya ridhaa. Ndugu msomaji, hapa ndipo kisomo chako kina kazi. Usiharakishwe kutia sahihi. Isome. Ichukue nyumbani ukapenda, uisome pamoja na jamaa zako. Asiyejua kusoma asomewe na mtu anayemwamini kabla ya kuweka dole gumba.

Uliza maswali haya:

1. Mnatafuta kujua nini? Kibali mnacho?
2. Je, naweza kuingia kundi la geresha au lisilopata sindano?
3. Nitatakiwa kufika mara ngapi? Nauli nani atalipa?
4. Kuna hatari gani? Nikidhurika, nani atanitibu?
5. Sindano ni mpya? Kila mtu ana zake?
6. Habari zangu zitafichwa vipi?
7. Matokeo tutaambiwa?

Swali la tano msilidharau. Sindano iliyotumika kwa mtu mwingine yaweza kuleta UKIMWI au homa ya ini. Sindano lazima ifunguliwe mbele yako, itumike mara moja tu, kisha itupwe. Mama mjamzito, na mtu mwenye ugonjwa wa kutokwa damu, aseme mapema. Kwa kawaida madhara ni madogo: damu kidogo, kuvilia, au kizunguzungu. Mara chache sana sindano ikichomwa vibaya kifuani huweza kutoboa pafu.

Jambo kubwa kuliko yote: unayo haki ya kukataa. Hata ukishakubali, unaweza kujitoa siku yoyote, bila kueleza sababu, na hospitali haiwezi kukunyima matibabu ya kawaida kwa ajili hiyo.

Tena, maumivu ya mgongo yakija pamoja na homa, ganzi ya miguu au kushindwa kukojoa, usingoje majaribio yoyote. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Hatusemi mkubali, wala hatusemi mkatae. Tunasema mjue. Anayeshiriki kwa hiari na kwa kuelewa huwasaidia wagonjwa wa kesho.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini wagonjwa hugawanywa kwa kura?
2. Kundi la sindano za geresha lilitufundisha nini?
3. Mtafiti akifika kijijini kwetu, tutamwuliza nini kwanza?