Hakuna geti, lakini bili iko

Ukivuka Likoni na gari, ujanja hakuna: hujalipa, huingii feri. Ila ukishafika kisiwani ukaegesha, geti huna. Parking ya kaunti unalipia kwa simu, na hapo ndipo wengi hujiambia, "Niache tu, narudi sasa hivi." Kurudi, tairi limefungwa. Kwa dereva wa teksi kutoka Changamwe, muda wa kusubiri lifunguliwe ni abiria waliokwenda na mwingine.

Barabara za kulipia zisizo na geti bado hatuna Kenya, lakini kwingine ziko. Pale Dartford, Uingereza, mageti yaliondolewa Novemba 2014. Kamera inasoma namba ya gari, na dereva ana mpaka saa sita usiku wa siku inayofuata kulipa. Akisahau, anapigwa faini juu. Gauteng, Afrika Kusini, walianza Desemba 2013. Madereva wengi waligoma kulipa, na Aprili 2024 mtambo ukazimwa.

Ubishi huu hata kwetu si mgeni. Daraja la zamani la Nyali, lile la kuelea, lilikuwa la kulipia. Mwaka 1955, kesi ya magari ya jeshi yaliyopita bila kulipa ilifika Mahakama ya Rufani ya Uingereza.

Wewe usifike huko. Pasipo na geti, fanya hivi:

1. Lipa kabla hujashuka garini. Ukishashuka, utasahau.

2. Soma namba ya gari mara mbili. Ukikosea herufi moja, umemlipia mwingine na lako bado linadaiwa.

3. Angalia jina la anayepokea kabla ya kuweka PIN.

4. Usifute meseji ya malipo. Kama gari ni la tajiri, mtumie siku hiyo hiyo, ili pesa uliyotoa isije ikawa mzozo jioni kwenye hesabu.

5. Ukitumiwa meseji kwamba unadaiwa, usibonyeze linki. Aprili 2024, FBI ya Marekani iliwaonya madereva kuhusu matapeli wanaotuma madeni ya uongo ya barabara. Hakikisha deni mwenyewe kwa kupiga kodi rasmi ya huduma hiyo. Na PIN yako usimpe mtu yeyote, hata akisema anatoka kwetu.

Kulipa ni dakika moja. Kufunguliwa tairi kunakula asubuhi nzima.