Umeandika 2, Kompyuta Imesoma Usiku wa Manane: Jinsi ya Kupanga Saa za Wahudumu Kuingia

Je, mhudumu wako anaweza kufungua kompyuta ya duka saa nane usiku na kutuma malipo? Wengi mtasema hapana, kwa sababu mliweka ratiba ya kuingia. Tunaomba uikague tena leo.

Kosa lenyewe ni rahisi sana kufanya. Unataka keshia aingie kuanzia saa mbili hadi saa kumi na mbili, basi unaandika 2 na 12. Lakini kompyuta haihesabu saa kuanzia macheo kama sisi. Kwake, 2 ni saa nane usiku na 12 ni saa sita mchana. Keshia wako anafungiwa nje wateja wakiwa kwenye foleni, halafu usiku wa manane, duka likiwa limefungwa, akaunti yake iko wazi. Saa mbili asubuhi iandike 08:00, na saa kumi na mbili jioni 18:00. Tumia saa 24 kila wakati.

Kabla ya ratiba, hakikisha kila mtu ana akaunti yake. Kama wote wanatumia paswadi moja, saa utakazoweka hazimhusu mtu yeyote. Na usidhani ratiba ni ya kumbana mfanyakazi. Pesa zikitoka saa tano usiku na akaunti yake ilikuwa imefungwa tangu jioni, yeye ndiye wa kwanza kupona lawama.

Kwenye Windows huhitaji kununua kitu. Ingia kama msimamizi, fungua dirisha la amri, kisha andika hivi, ukibadilisha tu jina la akaunti na saa:

net user keshia /times:M-F,08:00-18:00;Sa,08:00-13:00

M-F ni Jumatatu hadi Ijumaa, na Sa ni Jumamosi. Jumapili haikutajwa, kwa hivyo siku hiyo haingii. Amri hii inakubali saa kamili pekee; ukitaka kufunga 17:30, itabidi uchague 17:00 au 18:00.

Zamu ya usiku ndiyo inayosumbua zaidi. Tuseme una kemia karibu na steji, na mhudumu anaingia Ijumaa 20:00 na kutoka 06:00. Kwetu hiyo ni zamu moja. Kwa kompyuta ni siku mbili, kwa kuwa siku inageuka saa sita usiku. Igawe: Ijumaa kuanzia 20:00 hadi mwisho wa siku, kisha Jumamosi kuanzia mwanzo wa siku hadi 06:00. Ukisahau kipande cha pili, mhudumu aliyezima mashine kidogo saa saba usiku hatarudi ndani. Na mkielewana kwa mdomo, kuweni waangalifu. Kwa watu wengi wa Pwani, "usiku wa Ijumaa" ni ule wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya jua kutua. Taja tarehe na saa, mambo yaishe.

Mishahara nayo ina mtego wake. Kanuni ya "kila tarehe 31" inafanya kazi miezi saba tu kwa mwaka. Ukisogeza hadi tarehe 30, Februari inakuruka. Unachotaka hasa ni "siku ya mwisho ya mwezi", kwa hivyo tafuta chaguo hilo kwenye mfumo unaotumia. Ile amri ya Windows hapo juu inajua wiki tu, haijui mwezi. Kama akaunti ya mishahara inahitajika siku moja tu, tungependelea ikae imefungwa na uifungue mwenyewe siku hiyo.

Sikukuu pia hazifuati wiki. Madaraka ni 1 Juni, Mashujaa 20 Oktoba, Jamhuri 12 Desemba, na zikiangukia Jumapili, Jumatatu inakuwa mapumziko. Idd-ul-Fitr inategemea mwezi kuandama, kwa hivyo huwezi kuiandika mapema kwa uhakika. Usibomoe ratiba ya kawaida kwa sababu ya siku moja. Weka ruhusa ya muda, na wakati huohuo andika tarehe ya kuiondoa. Ile "mruhusu tu kidogo, tuna stoki ya Krismasi" ikikosa tarehe ya mwisho, utaikuta Machi bado iko.

Halafu kuna saa yenyewe. Kompyuta nyingi za mitumba zinatoka Uingereza na bado ziko kwenye majira ya London. Mtu anasogeza saa kwa mkono ilingane na Nairobi, anaridhika. Jumapili ya mwisho ya Machi Uingereza inasogeza saa mbele, na kompyuta yako inaifuata kwa saa nzima. Sisi hatubadilishi saa. Chagua majira ya Nairobi kwenye mipangilio, na usimpe mhudumu akaunti ya msimamizi, maana mwenye akaunti hiyo anaweza kubadilisha saa na hata ratiba yenyewe.

Jambo ambalo wengi hawalitarajii: kwa kawaida Windows inaangalia ratiba mtu anapoingia. Aliyeingia 17:55 na kuacha kompyuta wazi anaweza kuendelea hata baada ya 18:00. Kwa hivyo weka skrini ijifunge baada ya dakika chache, na mzoeze kila mtu kutoka kabisa akimaliza zamu.

Tuseme ukweli pia: ratiba hii inalinda mashine hiyo moja. Mwenye paswadi ya ukurasa wa malipo anaweza kuufungua kwenye kompyuta ya saiba, na mwenye laini na PIN ya biashara hahitaji kompyuta kabisa. Kama mfumo wako wa malipo unaruhusu kuweka saa kwa kila mtumiaji, ziweke huko pia. PIN ibaki yako.

Leo jioni, ukishafunga duka, jaribu kuingia kwa akaunti ya keshia saa kumi na mbili na dakika tano. Jaribu tena kesho 07:55, halafu 08:05. Ikikataa mara mbili za kwanza na kukubali ya tatu, uko sawa.